Kaimu na Mteja Asiyetajwa

Mawakala wa ajira wa mtandaoni wana salamu moja, utadhani wote walinyonya ziwa moja. "Habari dada, tumevutiwa sana na wasifu wako." Wamevutiwa! Hata kuusoma hawajausoma. Lakini Kaimu alikuwa na dawa ya kila mmoja wao. Aliyemwita "mpendwa" hakupata jibu. Aliyemtaka atume hela ya fomu au ya sare kabla hawajaonana, huyo alijibiwa, na jibu lenyewe tuliache kama lilivyo, watu wanasoma na wazazi wao. Wakala wa kweli, mwenye ofisi na lugha ya adabu, alipata sentensi mbili ambazo Kaimu alizitunza kama nguo ya kutokea: "Nashukuru kwa kunikumbuka. Nimeridhika nilipo."

Akishajibu hivyo, huwasomea wenzake wakati wa chai, kwa sauti, simu ameinyoosha mbele. Wenzake hupiga vigelegele. Naye hufunga mazungumzo kwa methali yake ileile: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Halafu anamalizia chai yake na kurudi kazini, kichwa juu.

Hapo alipo palikuwa kiwanda cha kufulia. Si dobi wa beseni na kamba, la hasha. Mashine kubwa zinanguruma tangu asubuhi, boila ziko nyuma ya ukuta, mashuka ya hospitali yanaingia mlango huu na taulo za hoteli mlango ule, na ole wake atakayezichanganya. Ajabu ya pale ni kwamba mashine za kufulia zilikuwa chini, lakini pasi kubwa za rola zilikuwa ghorofani. Nani alizipandisha huko, na siku hiyo alikuwa amekunywa nini, hakuna ajuaye. Basi nguo ikishafuliwa inavutwa juu kwa winchi, bado nzito kwa maji, inapigwa pasi, inakunjwa, inateremshwa tena. Madereva wa hospitali walikuwa wakisema wamezunguka viwanda vyote vya kufulia na kichekesho cha namna ile hawajakiona kwingine.

Mkuu wa Ufuaji alipostaafu, Meneja alimwita huyu mama, aliyekuwa msaidizi wa huyo mstaafu, akamwambia maneno mawili: "Shikilia kidogo." Akashikilia. Hiyo kidogo ikaota mvi. Alishikilia boila ya zamani ilipong'olewa, akashikilia hospitali ilipoongeza wodi, akashikilia wafanyakazi walipogoma na waliporudi. Barua zake zote zilisomeka Kaimu Mkuu wa Ufuaji, na wenzake wakaona jina refu lote hilo la nini, wakamwita Kaimu. Jina likavuka geti la kiwanda likamfuata mpaka nyumbani. Mwanawe wa mwisho aliulizwa na mwalimu jina la mama yake, akajibu bila kusita, "Kaimu."

Alicheka pamoja nao, lakini lilimuuma. Aliapa kwamba neno hilo hataliandika kwa mkono wake mahali popote. Ndiyo maana wasifu wake mtandaoni ulikuwa bado unasema anafua kwenye hoteli ambayo aliiacha zamani. Aliusubirisha. Siku atakapothibitishwa, ndiyo siku atakayoandika Mkuu wa Ufuaji, kwa herufi kubwa, dunia nzima ione. Kumwuliza Meneja habari za kuthibitishwa? Thubutu! Yeye akaombe kazi anayoifanya? Macho si Meneja anayo?

Sasa siku hiyo alikuwa ghorofani na Bi Foronya. Bi Foronya ni yule mama mkunjaji, mkubwa kwake kwa umri, shoga yake wa siku nyingi, ambaye anaweza kukunja foronya huku anakusengenya na isipinde hata pembe moja. Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Ujumbe umetiwa sahihi: Afisa Vipaji.

"Haya, mwingine huyo kavutiwa," Bi Foronya akasema. "Mpe zile mbili zake aende."

Kaimu alikuwa tayari na kidole, lakini akakisimamisha. Ujumbe ulisema nafasi ni ya Mkuu wa Ufuaji. Si msaidizi, si mwangalizi. Mkuu. Akaona kuuliza si ujinga, akaandika: ni kazi gani hasa, ni wapi, na mwajiri ni nani? Jibu lilikuja upesi. Mwajiri ni mteja ambaye kwa sasa hapendi kutajwa. Lakini kazi yenyewe ni hii: kusimamia ufuaji wa hospitali na hoteli, boila mbili, zamu mbili, na mwombaji awe tayari kufanya kazi katika jengo ambalo ufuaji unafanyika chini na upigaji pasi ghorofani.

Alisoma kwa sauti mpaka pale penye ghorofa, sauti ikakatika.

Bi Foronya akaacha kukunja. Akatazama rola zinavyozunguka, akatazama winchi, akamtazama mwenzake. "Heee! Kaimu! Hapo si hapa?"

"Ni hapa."

"Na hicho cheo si..."

"Ni changu, Bi Foronya. Wananitafutia mtu wa kukaa kwenye kiti changu, na wamekuja kuniuliza mimi."

Bi Foronya alitaka kucheka, maana kichekesho kilikuwa kichekesho kweli, lakini alipouona uso wa mwenzake akakimeza kicheko. Kaimu hasira alikuwa nayo, ndiyo, lakini kilichomtangulia kilikuwa ni aibu, kama mtu aliyejisifu ukumbini kumbe nguo imechanika nyuma. Miaka yote hiyo alidhani anangojewa wakati wake ufike. Kumbe alikuwa anamkalia mtu kiti kisipoe!

"Nenda ofisini sasa hivi," Bi Foronya akasema. "Mwulize uso kwa uso."

"Siendi."

Akashuka chini, akakagua mashuka ya hospitali kama kawaida, akamkemea kijana wa toroli kwa kosa ambalo siku nyingine angelicheka. Watu wakajua leo kuna jambo.

Nyumbani alimkuta mumewe barazani. Mumewe ni fundi sofa, na muda wote wa kazi huwa ana misumari midogo midomoni, kwa hiyo husikiliza kuliko watu wengi. Kaimu akamweleza yote. Alieleza akiwa amesimama, akaeleza tena akiwa amekaa.

Mumewe akaitema misumari kiganjani. "Umewahi kumwambia Meneja kwamba unaitaka hiyo kazi?"

"Nimwambie mara ngapi? Kila siku naifanya!"

"Hilo si nililouliza, mama watoto."

"Chema chajiuza, baba watoto."

"Chajiuza, sawa. Lakini mimi sofa yangu nzuri kuliko zote nikiifungia stoo, nani ataijua? Naitoa hapa barazani, watu waikalie, wabonyeze. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mimi siinami."

"Basi usiiname. Nenda umesimama wima. Si wamekuita wenyewe?"

Alirudisha misumari mdomoni akaendelea kugonga. Kaimu akabaki anaikodolea macho ile simu. Moyo wake ulikuwa na mambo mawili tu. Anaitaka kazi ile, anaitaka mno, ile na si nyingine. Na akinyamaza, atakuja mtu na tai yake, aoneshwe ofisi, na yeye ndiye atakayetumwa amfundishe winchi inavyokwama. Hilo la pili ndilo lililomwinua. Akazifuta zile sentensi zake mbili, akaandika mpya: "Nashukuru. Nipo tayari kusikiliza."

Afisa Vipaji alipiga simu kesho yake wakati wa chakula cha mchana. Sauti ya binti mdogo, mchangamfu, mwenye kuipenda kazi yake. Kaimu akampenda hapohapo, maana kosa halikuwa lake.

"Mama, bado upo kwenye ile hoteli?"

"Wasifu wangu umechelewa, mwanangu. Hoteli niliiacha. Sasa hivi nakaimu mahali."

"Wapi hapo?"

"Mwajiri wangu naye hapendi kutajwa."

Binti akacheka mpaka akapaliwa. Akauliza maswali yake. Nguo yenye damu unaanza na maji gani? Ya baridi, ukianza na ya moto umeipika damu na shuka umelizika. Je, wafanyakazi wa zamu mbili wasioelewana? Wape kikombe cha chai kimoja cha pamoja pale zamu zinapopishana, watagombana lakini watapokezana habari. Na hili la pasi kuwa juu, mama, wengine wote wameliogopa, wewe unalionaje?

"Ni ujinga wa mtu aliyejenga," Kaimu akasema, "lakini ukishajua winchi haitaki kujazwa, utaishi nalo."

"Yaani unaongea kama umewahi kufika!"

"Kazi hizi zinafanana, mwanangu."

Binti akamweleza utaratibu wa ofisi yao. Waombaji wanapelekwa kwa mteja bila jina, kwa namba tu, ili mteja asije akamchagua shemeji yake. Majina yanajulikana siku ya usaili, wakiwa uso kwa uso. Yeye atakuwa Mwombaji Namba Mbili. Usaili ni Alhamisi asubuhi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ilibidi aende kwa Meneja kuomba ruhusa ya Alhamisi.

Meneja hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kalamu sikioni na nyingine mkononi, na kila jambo lisilowaka moto kwake lilikuwa jambo la kesho.

"Alhamisi?" akasema bila kuinua kichwa. "Mbona unanichagulia siku mbaya? Mimi mwenyewe Alhamisi nina kikao nje."

"Najua," Kaimu akasema, kisha akajirekebisha. "Nina jambo langu muhimu. Bi Foronya atashika usukani."

"Haya. Lakini usizoee."

Alhamisi alivaa gauni lake la bluu, lililopigwa pasi kwa namna ambayo wewe na mimi hatuwezi. Ofisi ya wakala ilikuwa na kuta za vioo na mapokezi yenye viti laini ambavyo mumewe angevicheka mishono. Kwenye kiti kimoja alikaa mwanamume mwenye tai, Namba Moja bila shaka, ndio kwanza ametoka, amependeza, ana uso wa mtu aliyejibu vizuri. Wakasalimiana kwa adabu. Huyu naye ni mtu na kazi yake, Kaimu alijiambia, wala hajanikosea. Lakini kiti ni changu. Akajinyoosha, akaingia.

Mezani alikaa Afisa Vipaji, na pembeni yake Meneja, kalamu sikioni.

Meneja akaruka. "Kaimu! Umejuaje niko huku? Kuna nini? Boila imelipuka?"

"Boila ziko salama."

"Winchi?"

"Winchi nayo salama, Meneja. Nimekuja kwenye usaili."

Afisa Vipaji akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mnafahamiana?"

"Ndiye mwajiri wangu asiyependa kutajwa," Kaimu akasema, akavuta kiti akakaa.

Binti wa watu akashika mdomo. Meneja akaitoa kalamu sikioni, akairudisha, akaitoa tena. Na Kaimu, aliyeingia na hofu yake, akashangaa kujikuta ametulia tuli. Lililobaki lilikuwa kuongea tu.

Afisa Vipaji, kwa kukosa la kufanya, akarudi kwenye karatasi yake na kusoma swali lililofuata, maskini, bila kulifikiria. "Kwa nini unataka kuacha kazi uliyonayo?"

"Sitaki kuiacha. Nimesikia bosi wangu anaitafutia mtu."

"Kaimu, ngoja," Meneja akasema, sauti imeshuka. "Wenye mali wameniuliza, kaimu gani huyu asiyekwisha? Wakataka mkuu kamili, upesi. Nikajua wewe huitaki."

"Mimi siitaki?"

"Si wewe unayetangaza kila siku wakati wa chai? Watu wanakuita huko nje wakupe ukubwa, unawajibu umeridhika ulipo. Kiwanda kizima kinaijua hiyo sentensi. Nikasema huyu mama ameridhika na ukaimu wake, hataki lawama za ukubwa, nisimsumbue. Hujawahi kuja ofisini kwangu hata siku moja ukasema unaitaka."

Jamani, maneno yale yalimwingia. Zile sentensi mbili alizozipiga pasi kwa majivuno, kumbe zilikuwa zinamfungia mlango kwa ndani. Alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Angeweza kusema, na wewe hukuwahi kuniuliza, na ingekuwa kweli. Alikuja kulisema baadaye, tena si mara moja. Lakini saa ile alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ameingia kiwandani.

"Basi leo nasema," akasema. "Naitaka. Ukaimu nimeuchoka, umenikaa mwilini mpaka wanangu wananiita hivyo. Nataka niwe Mkuu wa Ufuaji, niandikiwe, na niitwe. Usinipe kwa kunionea haya. Yule mwenye tai hapo nje umemuuliza maswali, eti? Niulize na mimi yaleyale, kama hunijui. Akinishinda, nitampokea na kumwonesha winchi mimi mwenyewe."

Meneja, na hili tumpe sifa zake, akavuta karatasi, akainamisha kichwa na kuanza. "Mwombaji Namba Mbili. Hebu nieleze uzoefu wako."

Akamweleza. Alieleza bila kujipunguza na bila kujitia chumvi. Palipokuwa na kosa lake alilitaja, palipokuwa na sifa yake hakuipeleka kwa "sisi" wala kwa "Mungu saidia", alisema "mimi." Meneja aliuliza mambo ambayo alipaswa kuyajua zamani, na mara mbili akasema "kumbe." Walipomaliza, akafunga kalamu.

"Mambo yameisha, bwana," akasema, anatabasamu tabasamu lake la haraka. "Rudi kazini, kesho nitakuandikia barua."

"Hapana," Kaimu akasema. "Hiyo kesho yako naijua. Mimi leo ni mwombaji wa ofisi hii. Ukinikubali au ukinikataa, jibu lipitie kwa huyu binti, kwa maandishi, kama la yule mwenzangu."

Afisa Vipaji alikuwa anaandika, na mtu angeapa kwamba alikuwa anacheka chini chini.

Ikaja Ijumaa, kimya. Ikaja Jumatatu, kimya. Meneja akipita chini anasema "habari za kazi" huku anatazama viatu vyake. Kaimu aliendelea na mashuka yake, lakini usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu na chakula hakipiti. Aliogopa, na alimwambia mumewe waziwazi kwamba anaogopa. Mumewe akatema misumari akasema, "Sofa imeshatoka barazani. Sasa wabonyeze," na Kaimu akacheka kidogo.

Jumanne walikuwa ghorofani, yeye na Bi Foronya, rola zinazunguka, foronya zinashuka mezani zimenyooka. Simu ikalia. Kaimu akafuta mikono kwenye aproni, akaifungua.

"Soma!" Bi Foronya akasema. "Soma kwa sauti, usiniue."

"'Hongera sana, mama. Mteja wetu amekuchagua wewe kuwa Mkuu wa Ufuaji. Barua imetiwa sahihi, imeambatishwa hapa. Mteja anaomba jibu lako mapema iwezekanavyo, kwa kuwa ana wasiwasi usije ukachukuliwa na wengine.'"

Bi Foronya akapiga kigelegele ambacho kilizishinda mashine zote. Wa chini wakainua vichwa. Kaimu akaifungua barua, akaisoma mpaka mwisho, akalitafuta lile neno "kaimu", hakuliona popote. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Kisha akachungulia chini kupitia kwenye uwazi wa winchi. Meneja alikuwa amesimama katikati ya matoroli, simu mkononi, ameinua shingo juu kama mtu anayesubiri kuteremshiwa mzigo.

"Anakusubiri," Bi Foronya akanong'ona. "Mjibu basi, mwanangu! Utamjibu nini? Zile mbili zako?"

"Zile nimezifuta."

Alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa ndiyo, angelituma kabla ya chai kwisha. Lakini kwanza akaandika kitu kingine, taratibu, herufi moja moja, akaona kimenyooka, akakituma.

"Nimepokea, mwanangu, na nimefurahi sana. Mwambie mteja ashikilie kidogo."